Nilishika kijiti usiku mmoja, kisha simu ikanyamaza

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33 na ni kiongozi msaidizi wa okestra kubwa, yaani msaidizi wa yule anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza wapigaji. Huu ni mwaka wa tatu na wa mwisho wa mkataba wangu. Wewe kazi hii unaijua, ila wasomaji wako wengine huenda hawaijui, basi niieleze kidogo. Siku za mazoezi nakaa katikati ya ukumbi mtupu, nota kuu mapajani, penseli mkononi. Mkurugenzi wetu wa muziki akigeuka na kuuliza, "Selo zinasikika?" namjibu zinasikika, au zinamezwa na matarumbeta. Naongoza maonyesho ya asubuhi ya wanafunzi. Nota zikitaka tarumbeta isikike kwa mbali, nasimama na mpigaji wake nyuma ya pazia, namwonyesha lini aingie. Na kila wiki najifunza programu nzima, kwa sababu mkubwa akiugua mimi ndiye nitakayepanda. Kwa miaka miwili hakupata hata mafua.

Miezi minane iliyopita, saa kumi na dakika kumi alasiri, nilipigiwa simu. Mgongo ulikuwa umemkaza, hawezi kuinuka kitandani. Onyesho saa moja na nusu usiku. Mpiga piano aliyealikwa nilikutana naye dakika 15 kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akanipigia juu ya meza, kwa vidole vitupu, sehemu anazopenda kuvuta na sehemu anazopenda kukimbia. Okestra yenyewe sikuipata hata dakika moja. Baada ya mapumziko ikafuata Simfonia ya Tano ya Beethoven.

Shangazi, unajua inavyoanza. Inaanza na pumziko, sauti zinafuata. Mkono wangu ulishuka, na kwa nusu ya pumzi hakuna kilichotokea. Nilidhani nimeliua onyesho mbele ya watu wote wale. Kisha fidla, viola, selo, besi na klarineti mbili zikaingia kama mtu mmoja. Baada ya hapo sikumbuki mengi. Nakumbuka jasho likinidondokea kwenye nota. Nakumbuka mwishoni watu wakisimama, na wapigaji wa nyuzi wakigonga stendi kwa pinde zao. Nilifunga mlango wa chumba nikalia kama mtoto.

Nikajiambia ndiyo hii sasa. Sote tuliosomea kazi hii tumekua na habari za Leonard Bernstein, kijana msaidizi wa miaka 25 aliyepanda jukwaani Carnegie Hall mwaka 1943 badala ya mkubwa aliyeugua, na kesho yake yuko ukurasa wa kwanza wa New York Times. Nilijua yangu haitafika huko, lakini nilitarajia kitu. Simu mbili, tatu. Wakala. Onyesho moja tu lenye jina langu kwenye ratiba ya msimu unaofuata.

Hakuna kilichokuja. Mkubwa alirudi baada ya wiki, akanipa mkono, akasema, "Asante kwa kuniokoa." Nami nikarudi kwenye kiti changu katikati ya ukumbi. Ratiba mpya ilipotoka, nikakuta wamemwalika kijana wa miaka 24 aliyeshinda mashindano ya uongozaji, wamempa programu mbili kamili, na mojawapo ina ileile Tano. Mimi nimepewa maonyesho ya wanafunzi, kama kawaida. Nimeandika barua pepe okestra 19. Nne zimenijibu, zote kwa heshima, zote hapana.

Kuna neno moja linanisumbua. Siku mbili baada ya usiku ule nilipita kwenye korido nikamsikia mpiga pembe wetu wa kwanza, mzee aliyekaa pale miaka mingi, akimwambia mwenzake habari zangu. Alisema, "Alitufikisha salama." Wakati ule nilifurahi mpaka nikamwambia mke wangu. Sasa kila nikilala nalisikia upya, na kila mara linapoteza utamu.

Kuna nafasi nimepewa. Jumba dogo la opera katika mji mwingine linatafuta mtu wa kukaa kwenye piano awafanyishe waimbaji mazoezi, na wanasema ataongoza "baadhi ya maonyesho". Mshahara ni mdogo kuliko ninaopata sasa. Mwenzangu mmoja ameniambia wazi kwamba anayerudi kwenye piano ameshasahauliwa. Mke wangu yeye ameniuliza swali moja tu: "Ulisema usiku ule umebadilisha kila kitu. Mbona bado hulali?"

Shangazi, nifanye nini? Niende kwa mkurugenzi nikadai haki yangu? Nisubiri? Nikubali piano? Au niseme ukweli kwamba nafasi yangu ilikuja, ikapita, na haitarudi?

Ni mimi,
Aliyeshika kijiti usiku mmoja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimekaa safu ya viola miaka 26, nikawatazama viongozi wakija na kuondoka mbele yangu. Sijawahi kushika kijiti, lakini najua kinavyoonekana kutoka upande wa pili, na nadhani huo ndio upande uliokosa kuusikia miezi hii minane.

Naanza na yule mpiga pembe, kwa sababu ndiye pekee aliyekupa ripoti ya kweli.

"Alitufikisha salama" ni sifa. Usiidharau. Okestra inapoambiwa saa tatu kabla ya onyesho kwamba kiongozi ni mwingine, kuna kitu hutokea kwenye viti ambacho aliyesimama mbele hakioni. Tunasogeleana. Tunatazama upinde wa fidla wa kwanza kuliko kawaida. Selo zinasikiliza besi, obo inasikiliza filimbi. Simfonia ya Tano tumeipiga mara nyingi sana, iko mikononi. Usiku kama huo tunachomwomba kiongozi ni asituvuruge: aonyeshe mwendo wazi, aache obo ipumue kwenye kile kipande chake cha peke yake katika sehemu ya kwanza, aturudishe wote pamoja baada yake. Nimewaona watu wenye majina makubwa wakishindwa hilo kwa sababu walitaka usiku wa dharura uwe usiku wao. Wewe uliweza.

Na ile nusu ya pumzi ya kimya iliyokutisha haikuwa kosa lako. Okestra nyingi kubwa hupiga nyuma kidogo ya mkono. Tunasubiri mkono ufike chini, tunasikilizana, ndipo tunaingia. Waliozoea kuongoza okestra za wanafunzi hushtuka mara ya kwanza, kwa sababu wanafunzi humfuata kiongozi papo hapo, tena wengine humtangulia. Kama ungetetereka ukapiga tena, tungeanguka. Hukutetereka.

Sasa upande wake wa pili, na samahani kama utauma. "Alitufikisha salama" maana yake gari lilikuwa letu na njia tulikuwa tunaijua. Mzee yule hakusema "alituonyesha kitu". Hangeweza kusema hivyo, kwa sababu usiku ule hukuwa na nafasi ya kuonyesha chochote. Kiongozi anaonekana kwenye mazoezi, mwanangu. Hadhira inaona onyesho, sisi tunaona Jumanne asubuhi. Hiyo Jumanne asubuhi nawe bado hatujaiona.

Nikupe mfano. Miaka ya nyuma alikuja kwetu mgeni ambaye hakuna aliyemjua. Dakika ya sita ya mazoezi akasimamisha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Viola, kutoka herufi D, upinde mmoja badala ya miwili, na mniachie niisikie nota ya tatu." Basi. Tukapiga tena. Ile nota ya tatu ilikuwa imefichwa chini ya pembe miaka yote tuliyoipiga kazi ile, na ilipotokea, mpiga pembe mwenyewe aligeuka akatutazama. Mgeni akatabasamu, akaendelea. Alimaliza dakika nne kabla ya muda. Alialikwa tena mara tatu. Wa msimu uliofuata alikuwa na mkono mzuri kuliko wake, lakini alisimama akatueleza habari za kifo na umilele huku ala ziko magotini, kisha akatuambia tupige "kwa giza zaidi". Giza zaidi maana yake nini? Polepole? Chini? Upinde karibu na ubao wa vidole? Hatukujua, na sijamwona tena.

Ofisi inayopanga ratiba huwa inatuuliza wapigaji. Kwenye okestra nyingine wanaulizwa kwa fomu, kwingine kwa mazungumzo ya ngazini, na Berlin Philharmonic wanachama wenyewe humpigia kura kiongozi wao mkuu. Simon Rattle alisimama mbele yao mara ya kwanza mwaka 1987, wakamchagua mwaka 1999, akaanza kazi mwaka 2002. Miaka kumi na miwili waliyomtazama kabla ya kura! Kwa hiyo meneja wako anapouliza, "Yule msaidizi tumpe wiki?" jibu la kweli analopata ni, "Mtu mzuri, hatujui anafanyaje mazoezi." Huyo kijana wa mashindano, kuna majaji waliomwona akifanya mazoezi na okestra asiyoijua, saa ikimhesabia.

Tuje kwa Bernstein, kwa sababu nadhani hadithi ile imekuumiza zaidi ya mtu yeyote. Inasimuliwa ikiwa imekatwa miguu na kichwa.

Wala haukuwa usiku. Ilikuwa Jumapili alasiri, tarehe 14 Novemba 1943, na onyesho lilikuwa likirushwa redioni nchi nzima. Aliyeugua alikuwa Bruno Walter. Mazoezi na okestra hakuyapata, kama wewe, lakini Walter mwenyewe, mafua yamemzidi na blanketi mwilini, alikaa naye akampitisha kwenye nota akimwonyesha mahali pagumu. Nyuma yake kijana yule alikuwa na miaka ya kusomea uongozaji kwa Fritz Reiner kule Philadelphia na majira ya joto kwa Koussevitzky kule Tanglewood, ambako mwanafunzi alipewa okestra halisi ya kuifanyia mazoezi. Magazeti yakaandika, kweli. Sasa niambie, alikabidhiwa New York Philharmonic lini? Mwaka 1958. Miaka 15 baadaye. Katikati hapo alikuwa na okestra nyingine ndogo ya mji uleule, kuanzia mwaka 1945 hadi 1947, na alizunguka akialikwa huku na kule, wiki kwa wiki. Jumapili ile ilimfungulia mlango wa kwenda kufanya kazi. Wewe ulitarajia umeshafika ndani ya nyumba.

Na huyo Bruno Walter aliyelala na mafua, unajua alipandaje? Alianzia kwenye opera ya Cologne, akiwafanyisha waimbaji mazoezi kwa piano. Nafasi ileile unayoitazama kwa jicho la pembeni. Kutoka hapo mwaka 1894 akaenda Hamburg, kwenye jumba ambalo kiongozi wake mkuu wa muziki alikuwa mtunzi Gustav Mahler. Na Mahler naye? Kazi yake ya kwanza, mwaka 1880, ilikuwa ukumbi mdogo wa majira ya joto kwenye mji wa mapumziko uitwao Bad Hall, akiongoza vichekesho vya kuimba. Kisha Ljubljana, Olomouc, Kassel, Prague. Alipofika Leipzig alikuwa wa pili, chini ya Arthur Nikisch. Mwaka 1887 Nikisch akaugua, Mahler akapanda badala yake kwenye opera za Wagner, na mji mzima ukamjua. Wala hakupewa Vienna kesho yake. Akaenda Budapest, akaenda Hamburg, na Vienna akaifikia mwaka 1897. Tangu ule ukumbi wa vichekesho, miaka 17.

Kwa hiyo mwenzako anayesema anayerudi kwenye piano amesahauliwa, mwambie aliyoyasahau yeye ni mengi. Katika majumba ya opera ya Ujerumani hiyo imekuwa ngazi ya kawaida kwa vizazi: unaanza kwenye piano, unapewa kuongoza vipande, unakuwa wa pili, unakuwa wa kwanza. Sababu si mila tu. Ukikaa na mwimbaji kwenye chumba kidogo wiki tatu mkitafuta mahali pa kuvuta pumzi, unajifunza kusikia pumzi. Ukirudi mbele ya klarineti unajua lini mtu atahitaji hewa kabla yeye hajajua. Na opera ndiyo inayofundisha kuokoa: mwimbaji ameruka mistari miwili, kwaya iko upande wa pili wa jukwaa, okestra iko shimoni mbele ya jukwaa haioni kitu, na mkono mmoja tu, wako, ndio unaoonekana na wote.

Lakini mwenzako ana ukweli kidogo, nami sitaki kukuficha. Kuna majumba yanayomweka mtu kwenye piano miaka sita wakimwambia "msimu ujao". Neno ulilonukuu, "baadhi ya maonyesho", ndilo linalonitia wasiwasi. Baadhi ni mangapi? Ukiongoza onyesho la tisa la kazi ambayo mwingine ameifanyia mazoezi yote, umerudi kuwafikisha watu salama. Uliza idadi. Uliza kama kuna kazi moja kila msimu, hata iwe ndogo, hata ya watoto, ambayo utaishika tangu mazoezi ya kwanza mpaka usiku wa kufungua. Wakisita, tabasamu, uliza tena kwa maandishi.

Sasa huyo kijana wa miaka 24. Najua jina lake ndilo uliloliona kwanza kwenye ratiba, na najua usiku unahesabu miaka: 33 toa 24. Hesabu hiyo haifai. Chukua Klaus Mäkelä, aliyeanza kuwa kiongozi mkuu wa Oslo Philharmonic mwaka 2020 akiwa na miaka 24. Watu walisema mtoto. Lakini alianza kusomea uongozaji kwa Jorma Panula, Helsinki, akiwa na miaka 12, na ni mpiga selo pia. Umri wake mbele ya okestra ulikuwa nusu ya maisha yake. Panula huyo, aliyewafundisha pia viongozi Salonen na Oramo, hutumia njia ambayo ningependa uichukue: mwanafunzi anaongoza okestra halisi, kamera inamtazama usoni, kisha anakaa kujitazama. Maneno ni machache. Mtu anaona mwenyewe kwamba mkono wa kushoto unarudia tu anachofanya wa kulia.

Umesema una rekodi ya usiku ule? Hukusema. Kama ukumbi ulirekodi, omba picha iliyopigwa kutoka nyuma ya okestra, inayoonyesha uso wako. Ya sauti peke yake haikusaidii, hiyo ni sauti yetu. Itazame mara ya kwanza bila sauti. Kisha nenda mwisho wa sehemu ya tatu, pale ngoma za timpani zinapogonga kwa sauti ya chini gizani kabla ya sehemu ya nne kulipuka. Tromboni tatu zimekaa kimya tangu mwanzo wa simfonia, sehemu tatu nzima, na sasa zinaingia kwa nguvu zote. Jitazame: uliwaangalia kabla ya kuwapa pigo, au ulikuwa umeinamia nota? Sisi kwenye viti tunaona mambo hayo. Mtu aliyenyamaza zaidi ya dakika 20 na anatakiwa kuanza kwa sauti kubwa anataka jicho, mapema, mapigo mawili hivi kabla. Ukiona uliwatazama, hilo ni la kujivunia, na usimwachie mtu akunyang'anye.

Nenda kwa mzee wa pembe. Usimwambie ulimsikia koridoni. Mwombe kahawa ya dakika 20, umuulize swali hili: "Usiku ule, ni wapi mlinibeba?" Atakuambia. Wapigaji wa zamani hatuulizwi maswali ya namna hiyo na tunayatamani. Andika anayosema, usijitetee hata kwa neno moja, na usimwombe akusemee ofisini. Atafanya mwenyewe akitaka.

Kuhusu mkurugenzi wako wa muziki, usiende kudai haki. Onyesho la usiku wa dharura lilikuwa kazi uliyoajiriwa kuifanya, na ukilifanya deni atalilipa kwa asante nyingine. Nenda na ombi dogo lenye tarehe: dakika 30 za mwisho za mazoezi fulani, zile ambazo yeye humaliza mapema, wewe ushike kazi ambayo haiko kwenye onyesho, wapigaji wakikubali. Simfonia ya Haydn inatosha, tena inafichua kuliko Beethoven, kwa sababu hakuna kelele ya kujifichia. Hapo ndipo tutakuona. La pili, kabla mkataba haujaisha, muulize kama yuko tayari kupiga simu mbili kwa niaba yako, na umtajie wewe wapi. Barua pepe zako 19 zilifika kwa watu wasiokujua. Simu ya mtu anayekujua inafika kwa mtu anayemjua yeye.

Na kama mazoezi hayapatikani kwa mtu, yatengeneze. Marin Alsop alikuwa mpiga fidla, alitaka kuongoza, hakupata jukwaa. Mwaka 1984 akakusanya wapigaji New York akaunda okestra yake, Concordia, ili awe na mahali pa kusimama. Ilipotangazwa mwaka 2005 kwamba atachukua Baltimore Symphony, wapigaji wa kule walipinga hadharani. Akaenda kuzungumza nao ana kwa ana. Akaanza mwaka 2007 na akadumu hadi mwaka 2021. Dean Dixon, Mmarekani mweusi, alianzisha okestra yake Harlem mwaka 1932 akiwa bado kijana mdogo kabisa, kwa sababu milango mingi ilikuwa imefungwa kwa rangi yake. Mwishowe alilazimika kuvuka bahari kwenda Ulaya kuzipata kazi za kudumu alizostahili, Göteborg kisha Frankfurt. Hadithi yake hiyo inaniuma kila ninapoitaja, na nakuambia ili ujue kwamba kuna waliokuwa na kila kitu na bado hawakupigiwa simu kwa sababu zisizohusu muziki. Kwako sioni dalili hiyo. Kwako naona mtu ambaye hajapewa Jumanne asubuhi, na wapigaji 15 waliokubali kuja Jumamosi wanaweza kukupa hiyo.

Kijana akija na ile Tano yake, wewe utakuwa kwenye kiti chako katikati ya ukumbi, penseli mkononi. Atageuka, atauliza kama selo zinasikika. Mjibu ukweli, kwa sauti, kwa haraka. Ukumbi huo unaujua kuliko yeye. Okestra nzima itakuwa inasikiliza jibu lako, na mzee wa pembe pia.

Ushauri wangu basi: chukua opera, wakikupa kazi moja iliyo yako tangu mazoezi ya kwanza. Wasipokupa, maliza mkataba hapo ulipo, kusanya wapigaji wako, tafuta nyingine ya aina hiyohiyo. Mshahara ukae mezani na mke wako kabla hujajibu, kwa hesabu ya kweli ya mwezi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuona hulali na anastahili kujua mnaingia wapi. Swali lake lilikuwa zuri kuliko yako yote manne.

Mkataba ukifika, kabla hujasoma mshahara, tafuta ukurasa ulioandikwa mazoezi. Kama neno "baadhi" bado limo humo, lipigie mstari kwa penseli, andika namba juu yake, urudishe.

Shangazi